Kutoka jeshini kuingia jeshi la akiba: maswali ya wanaorudi Mtwara na Lindi

Majibu haya yanamlenga askari wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) anayestaafu au kumaliza utumishi, kijana aliyemaliza mkataba wa kujitolea JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na familia zinazowapokea. Tumetanguliza karatasi, mazoezi na buti yatafuata. Aliyekosea buti atachubuka kwa wiki moja tu, lakini aliyekosea karatasi atapanda basi zaidi ya kilomita 550 kurudi Dar es Salaam kufuata muhuri, alale kwa jamaa siku tatu, na pengine aambiwe mhusika yuko likizo.

Jeshi la akiba na mgambo ni kitu kimoja?

Kwa mwananchi wa kawaida wilayani, ndiyo, maana mlango ni mmoja. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, siku hizi akiitwa pia Mshauri wa Jeshi la Akiba. Ni mwanajeshi wa JWTZ anayefanya kazi kwa karibu na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Yeye ndiye anayesimamia mafunzo, anayetunza orodha ya waliohitimu, na ndiye anayejua nani yuko wapi pakitokea la kutokea.

Mgambo wa nchi hii walitokana na Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wa mwaka 1971. Mwongozo huo ulitoka baada ya uvamizi wa Guinea wa Novemba 1970 na mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokuja, mgambo walikwenda mstari wa mbele pamoja na JWTZ. Anayedhani mgambo ni wale wa kufukuza wamachinga sokoni tu, historia inamsuta. Wale wa sokoni ni watumishi wa halmashauri wanaosimamia sheria ndogo. Wengi wao wamepitia mafunzo ya mgambo, lakini bosi wao ni Mkurugenzi wa halmashauri.

Nikitoka jeshini, jina langu linahamia lenyewe kwenye akiba ya wilaya yangu?

Usikae ukisubiri. Wilaya haijui kwamba umerudi hadi uripoti. Mtu amestaafu kikosi cha Ngerengere au Monduli, akaenda kujenga Nanyamba au Mtama, na miaka mitano baadaye Mshauri wa wilaya hajawahi kumsikia. Halafu panatokea kazi inayohitaji watu wenye ujuzi wa redio au udereva wa magari makubwa, wanachukuliwa wengine.

Cha kuangalia kwanza ni sababu ya kuondoka iliyoandikwa kwenye hati yako: kustaafu kwa umri, kumaliza mkataba, ugonjwa, kuomba mwenyewe, au kuachishwa kwa nidhamu. Neno hilo ndilo litakalosomwa na kila ofisi utakayoingia maisha yako yote. Lisome kabla hujasaini. Kama umeugua na hati inasema umeomba mwenyewe kuondoka, hilo si kosa dogo la uandishi: linagusa madai yako ya malipo. Palepale kikosini linarekebishwa kwa siku chache, ukishafika Newala itakuwa miezi.

Nisitoke kikosini bila karatasi gani?

Hati ya kuachishwa au barua ya kustaafu, nakala halisi na si picha ya simu. Barua yenye namba yako ya jeshi, cheo cha mwisho, tarehe ya kuandikishwa na tarehe ya kuondoka. Hizo tarehe mbili zihesabu mwenyewe kwa kalamu, kwa sababu malipo yanatokana na muda wa utumishi na mwezi mmoja uliopotea hautarudishwa na mtu asiyejua umepotea. Vyeti vya kozi zote ulizopita: udereva, ufundi magari, uuguzi, zimamoto, ualimu wa kwata. Taarifa yako ya afya. Karatasi ya kukabidhi vifaa iliyosainiwa na mtunza stoo, ikionyesha kila kitu ulichorudisha, kuanzia kombati hadi chandarua, na nyumba kama ulikaa ya jeshi.

Hiyo ya kukabidhi vifaa ndiyo wengi wanaidharau. Mtu anarudisha vitu kwa mdomo, stoo haiandiki, mtunza stoo anahamishwa, na baadaye faili linaonyesha anadaiwa. Malipo yanakwama kwa sababu ya begi na koti la mvua.

Kuhusu afya, sema kila kitu kabla ya kuondoka. Goti lililoumia kwenye mazoezi, sikio lililopoteza usikivu kwa milipuko, mgongo. Omba liandikwe na daktari wa jeshi na uombe nakala. Ukienda Hospitali ya Ligula au Sokoine miaka miwili baadaye, daktari atatibu goti, lakini hawezi kuandika kwamba liliumia ukiwa kazini kwa sababu hakuwepo.

Toa kopi tatu za kila karatasi na uzithibitishe kwa wakili au hakimu. Seti moja ikae nyumbani, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, moja ya kutembea nayo. Za asili zisitoke ndani ya nyumba isipokuwa ofisi imezitaka kuziona, na hata hapo unazionyesha na kurudi nazo. Tena ziweke mbali na paa: nyumba nyingi za huku huvuja masika, na mchwa wa kusini hawachagui kati ya cheti na gunia.

Jina la kitambulisho cha taifa halifanani na la jeshini. Nifanyeje?

Huku kwetu ndilo tatizo namba moja. Uliandikishwa Hamis, NIDA wakaandika Hamisi, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halimo kokote. Au ulisoma kwa jina la mjomba aliyekulea.

Ikiwa tofauti ni ya herufi (Said na Saidi, Mohamed na Muhamadi), hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kwa kawaida inatosha. Ikiwa jina lenyewe ni jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kosa kubwa ni kukimbilia kubadili jina la NIDA lifuate jina la mtaani. Kinyume chake ndicho salama: jina lililo kwenye faili la jeshi ndilo lililobeba utumishi wako wote, hivyo akaunti ya benki na kitambulisho vilifuate hilo.

Nikifika nyumbani, nianzie wapi?

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ujitambulishe na kuandikwa kwenye daftari la wakazi. Kisha nenda kwa mtendaji wa kata akuandikie barua ya utambulisho yenye picha na muhuri. Barua hiyo, hati yako ya kuondoka jeshini, kitambulisho cha taifa na picha ndogo nne, ndivyo unavyokwenda navyo kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya.

Wilaya ni ile unayoishi, si ile uliyozaliwa. Aliyezaliwa Tandahimba akajenga Masasi aende Masasi. Wa Nanyumbu ofisi za serikali ziko Mangaka. Wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na wa halmashauri ya Mtwara vijijini Mkuu wao wa Wilaya ni mmoja, jambo linalowazungusha wengi bure.

Nenda asubuhi, siku ya kazi, na piga simu kwanza kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mshauri mara nyingi yuko vijijini na kuruta wake. Ukimkuta, mweleze kwa kifupi: kikosi ulichotoka, fani yako, mwaka wa kuondoka, hali ya afya, namba ya simu inayopatikana. Usijipambe. Naye ni mwanajeshi, ukiongeza chumvi atajua kabla hujamaliza sentensi.

Malipo ya uzeeni yanaathirika nikiwa kwenye akiba?

Kujiandikisha wilayani hakuondoi stahili yako. Kinachoathiri malipo ni uzembe wa kumbukumbu. Wastaafu wa JWTZ hulipwa na Hazina, tofauti na mtumishi wa umma wa kawaida ambaye tangu Agosti 2018 yuko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Kwa hiyo usipoteze siku kwenye foleni ya PSSSF. Maswali yako yapeleke Hazina Ndogo ya mkoa.

Mara kwa mara Hazina hufanya uhakiki wa wastaafu, na mstaafu hutakiwa kufika mwenyewe na nyaraka zake. Asiyefika husimamishiwa malipo hadi ajitokeze. Akiwa mgonjwa wa kulazwa, familia itoe taarifa mapema na kuuliza utaratibu. Wasikae kimya wakidhani wahakiki watamfuata. Akaunti iwe ya jina lako, si ya mke, mume wala mtoto. Na andika mrithi kwenye faili: mirathi ya askari aliyefariki bila kuandika mrithi huenda mahakamani, na ndugu wa huku tunajuana.

La pembeni, lakini tunaulizwa kila mara: kiinua mgongo kikiingia, watakuja watu wa mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza, wa viwanja vyenye wamiliki watatu, na wa kununua korosho kangomba (kienyeji, nje ya ushirika) kabla ya mnada. Ukitaka korosho, nunua shamba lenye mipaka iliyothibitishwa na serikali ya kijiji, au panda lako. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja inachukua miche 28 tu. Anayekuuzia miche 60 ya ekari moja anauza miche, hauzi ushauri.

Mimi sikuwa JWTZ, nilikuwa JKT. Nami ninahusika?

Unahusika. Wa mujibu wa sheria, yaani waliokwenda baada ya kidato cha sita, mafunzo yao ni mafupi. Wa kujitolea hukaa miaka miwili kwa mkataba. Cheti cha JKT ni kitu cha kushika vizuri: nafasi za kujiunga JWTZ huwataka vijana waliopitia JKT, na kampuni za ulinzi hukipokea sawa na cheti cha mgambo. Aliyemaliza JKT Nachingwea au kambi nyingine akaenda kurudia mafunzo ya mgambo kwa sababu tu kazi haijapatikana anajichosha. Afadhali ajiandikishe kwa Mshauri na cheti alichonacho, na miezi ambayo angekaa kwenye mafunzo hayo asome udereva chuo cha ufundi cha VETA.

Mafunzo ya mgambo yenyewe yakoje?

Kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi minne, kambi au uwanja ukiwa kwenye kata fulani ya wilaya. Kuna kwata, silaha ndogo na shabaha, usomaji ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, utimamu wa mwili. Wanakuja pia walimu wa nje: polisi kuhusu ukamataji, Uhamiaji, Zimamoto, TAKUKURU. Mwishoni kuna gwaride la kuhitimu mbele ya Mkuu wa Wilaya au mgeni mwingine.

Kuingia kunataka uraia, barua ya serikali ya kijiji, afya njema iliyothibitishwa na daktari, na tabia isiyo na doa kwa polisi. Wanawake wanaingia kama wanaume, na hawafanyiwi kwata nyepesi.

Michango ya sare na chakula hutofautiana kati ya wilaya na wilaya, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza, na uulize hadharani, mkiwa wengi. Fedha yoyote inayodaiwa kuwa ya serikali ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na upewe stakabadhi. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapohapo.

Kwa nini wengi huacha katikati?

Korosho, kwa sehemu kubwa. Upuliziaji wa salfa unaangukia katikati ya mwaka, kisha kuanzia Septemba na Oktoba ni kuokota na kupeleka ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na minada inaendelea hadi mwisho wa mwaka. Mafunzo yakipangwa kugusa miezi hiyo, kuruta wa Tandahimba ana mioyo miwili: mmoja uwanjani, mwingine chini ya mkorosho ambako watoto wa jirani wanaokota kabla yake.

Kabla hujajiandikisha, uliza tarehe ya kuanza na ya kuhitimu, uzibandike kwenye kalenda ya shamba lako. Kama zinagongana, tafuta mtu wa kupulizia na kuokota kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya shahidi, au subiri awamu nyingine. Kuacha wiki ya kumi ni hasara kubwa kuliko kutoanza: cheti hupati, sare umeshanunua, na jina limeandikwa mtoro. Ukiomba tena mwaka unaofuata Mshauri ana daftari mkononi.

Sababu ya pili ni miguu.

Nijiandae vipi mwili?

Jipe wiki 8. Wiki mbili za kwanza tembea na kukimbia kwa kupokezana kilomita 3, mara nne kwa wiki. Ongeza kilomita moja kila baada ya wiki mbili, hadi ufike 6 bila kusimama. Siku za katikati fanya pushapu, kuchuchumaa na kunyanyuka, na mazoezi ya tumbo, seti tatu za kiasi unachoweza, usilazimishe. Kimbia alfajiri. Jua la saa nne asubuhi la Mtwara, pamoja na unyevu wa bahari, humwangusha hata kijana. Ukiona mtu ameacha kutoa jasho, anaongea ovyo na ngozi ni ya moto, mpeleke kivulini, mvue shati, mmwagie maji na mpepee, kisha mwahi kituo cha afya. Huyo hachoki, anaungua ndani.

Buti: jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana, ukiwa na soksi ile ile ya mazoezi. Kidole kikubwa kisiguse mbele. Ingiza kidole cha mkono nyuma ya kisigino kabla ya kufunga kamba: kikipita kwa kubana kidogo, ni saizi yako. Livae nyumbani saa moja kwa siku kwa wiki mbili kabla ya kwenda nalo uwanjani. Lengelenge likitoka usichune ngozi yake. Osha, funika, na siku inayofuata vaa soksi kavu. Mtu mwenye jozi mbili za soksi, moja mguuni na moja kwenye kamba, fangasi humpata. Chukua tano.

Mstaafu mwenye miaka zaidi ya 45 apime presha na sukari kabla ya kukimbia na vijana. Mwili unakumbuka kwata, moyo haukumbuki.

Nilikuwa sajenti. Nitaanza na kuruta?

Uamuzi ni wa Mshauri. Mwenye kozi za ualimu wa kwata au shabaha na nidhamu safi ni msaada mkubwa kwake, na wengi huombwa kusaidia. Lakini cheo chako kilikuwa cha JWTZ. Uwanjani amri ni ya mkufunzi aliyepangwa, hata kama ni koplo uliyemzidi miaka ishirini. Asiyeweza kumeza hilo abaki kwenye orodha tu na asije uwanjani. Ugomvi wa afande wawili mbele ya kuruta huharibu kambi nzima.

Naweza kubaki na kombati na buti zangu za jeshi?

Kombati, hapana. Rudisha zote. Raia kuvaa sare za majeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa, na mstaafu ni raia. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa wote wenye sare hizo na mavazi yanayofanana nazo kuzisalimisha. Hilo lilihusu pia kofia, begi na fulana za mabaka zinazouzwa mitumbani. Usimpe mdogo wako avae akienda kupulizia korosho. Picha za ukumbusho ukutani hazina shida. Kuziweka mtandaoni zikionyesha silaha, lango la kambi au wenzako walio kazini ni jambo jingine.

Na bunduki?

Hakuna mgambo wala mstaafu anayekwenda nyumbani na silaha ya jeshi. Unayotumia kwenye shabaha au lindo hutolewa kwa kusaini na kurudishwa kwa kusaini, risasi zikihesabiwa. Ukitaka bunduki yako binafsi, utaratibu ni ule wa kila raia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015: maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, kisha polisi. Utumishi wako jeshini unaonyesha kwamba unajua kuitumia, hautoi leseni.

Kuna mshahara?

Mgambo ni wajibu, si ajira. Unaweza kupata posho ukipangiwa kazi maalumu, au kuajiriwa na halmashauri. Wengi mkate wao unatoka kampuni binafsi za ulinzi: maghala ya korosho msimu ukianza, bandari, viwanda, benki.

Hapa askari wengi wanaliwa, kwa sababu wamezoea jeshi ambako huhesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwahusu JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Ukiingia kampuni binafsi inakuhusu yote. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na hazizidi 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Hesabu mwenyewe. Lindo la saa 12 kwa siku 6 ni saa 72 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 27 za ziada. Kwa wiki nne ni 108, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Kuna mpango halali wa kufanya saa 12 kwa siku bila ziada, lakini sharti uwe kwa makubaliano ya maandishi, na usizidi siku 5 wala saa 45 kwa wiki. Kujua malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 195. Mshahara ukiwa 195,000, saa ni shilingi 1,000, saa ya ziada 1,500, na nyongeza ya usiku 50 kwa saa. Andika saa zako kwenye daftari dogo kila siku, kwa sababu kitabu cha lindo kinakaa kwa mwajiri. Hakikisha pia michango ya NSSF inaingia: ni asilimia 20 ya mshahara, na anachoweza kukukata mwajiri hakizidi nusu yake. Ikikatwa kwenye karatasi ya mshahara na NSSF haiioni, usisubiri mwaka uishe.

Kama tayari umeajiriwa na unataka kwenda mafunzo ya mgambo, omba ruhusa kwa barua na upate jibu kwa barua. Mafunzo hayo hayamo kwenye orodha ya likizo za sheria hiyo, na "nenda tu, tutaongea ukirudi" haisimami mbele ya afisa kazi.

Mgambo anaruhusiwa kukamata mtu?

Sheria za mgambo zinampa uwezo wa kukamata, lakini kukamata kunaishia kituo cha polisi. Mweleze mtu kosa lake, usimpige, usimtoze, usichukue ufunguo wa bodaboda yake ukauweka mfukoni. Andika saa, mahali na mashahidi wawili, mkabidhi polisi na uhakikishe ameandikwa kitabuni. Akiwa ameumia, iombwe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) atibiwe kwanza. Faini ya papo kwa papo inayoingia mfukoni ni rushwa au unyang'anyi, na sare haikukingi.

Naishi karibu na Mto Ruvuma. Kuna la ziada?

Lipo. Kijiji cha Kitaya, Mtwara vijijini, kilishambuliwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliotoka upande wa Msumbiji, na tangu hapo vijiji vya kando ya mto haviulizi kwa nini ulinzi ni mkali. Kazi ya mtu wa akiba pale si kuvizia na panga. Ni kujua nani mgeni, mtumbwi gani umevuka usiku, duka gani limeuza ghafla mafuta na chakula kuliko kawaida, na kupeleka habari kwa mwenyekiti, mtendaji au polisi haraka, bila kuipitisha kwenye kundi la simu. Kumbuka pia kwamba ndugu zetu wa ng'ambo wana shangazi na wajomba huku. Kila Mmakonde anayevuka kwenda msibani si adui, na anayewachanganya hao wawili anaharibu chanzo chake cha habari.

Ulichokijua ukiwa kazini, kama mpangilio wa kikosi, maghala au mawasiliano, bado kimefungwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 hata baada ya kustaafu. Kahawa ya jioni Mikindani ina masikio.

Naweza kuingia siasa sasa?

Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama, ikimwachia haki ya kupiga kura, na inamtaja kuwa ni askari aliyeajiriwa kwa masharti ya muda au ya kudumu. Ukishaondoka, kizuizi hicho kimekwisha. Gombea ukitaka. Ila usipande jukwaani na sare ya mgambo, wala usiwatumie uliowafundisha kama walinzi wa chama: Ibara hiyo hiyo inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote.

Kuna mtu anasema kwa laki tano ataniingizia mwanangu JWTZ kwa sababu mimi ni mstaafu.

Ni tapeli. Nafasi hutangazwa hadharani na haziuzwi. Mripoti polisi ukiwa bado na namba yake ya simu na ujumbe wake.

Nikihama wilaya?

Muage Mshauri unayemwacha, chukua barua yake, ripoti kwa mwingine. Aliyetoka Liwale kwenda Kilwa bila kuaga anaitwa Liwale, anakosekana, na Kilwa hawamjui. Barua ni dakika kumi, ukimkuta ofisini.